Ni Fumbo, Lakini Si Fumbo Tu

Nilikuwa na umri wa miaka 9 usiku ule nilipolala nimeulalia mkono wangu wa kulia ili usionekane. Mchana wake nilikuwa nimeiba kalamu ya mwenzangu darasani, kalamu ya wino yenye kifuniko cha chuma. Jioni, katika ibada ya nyumbani, zamu ya kusoma ikawa yangu, na somo likaangukia Mathayo sura ya 5. Nikajikuta nasoma kwa kinywa changu mwenyewe: "Na mkono wako wa kuume ukikukosesha, ukate uutupe mbali nawe." Sauti ikanikwama. Mama akadhani neno "ukikukosesha" limenishinda, akanitamkia polepole, silabi baada ya silabi, nami nikalirudia huku mkono nimeuficha ndani ya shati.

Sikupata usingizi. Kila nyayo za baba ziliposikika nje ya mlango, nilijua anaufuata mkono. Kulipokucha nikamwendea mwenyewe, kalamu nimeishika, nikamweleza yote. Hakunigombeza. Aliniuliza, "Uliichukua kwa mkono gani?" Nikamwonyesha. "Tukiukata huo, wa kushoto utashindwa?" Nikawaza. "Hautashindwa, baba." Akasema, "Basi mwanangu, hapo Bwana Yesu hasemi habari za nyama na mfupa."

Moyo ukatulia. Nikageuka niondoke, akaniita. "Sijamaliza. Kama si mkono, cha kukatwa ni nini?"

Alinitazama mpaka jibu likaja lenyewe. Siku hiyohiyo nikairudisha kalamu mbele ya darasa zima na kusema kwamba niliiba. Kutoka dawati langu hadi la mwenye kalamu zilikuwa hatua kama kumi. Nazikumbuka zote.

Nimesoma maandiko pamoja na watu kwa miaka mingi tangu hapo, na naona wengi wetu, waliosoma na wasiosoma, tunaishia kwenye swali la kwanza la baba. Tukishajua kwamba neno limesemwa kwa mafumbo, tunashusha pumzi na kufunga kitabu: "Hiyo ni lugha ya picha tu." Ugomvi wangu wote katika makala haya ni na hilo neno dogo la mwisho.

Waliosikia maneno hayo kwa masikio yao nao walijikwaa. Injili ya Yohana imejaa watu wa namna hiyo. Yesu anasema livunjeni hekalu hili, nami nitalisimamisha kwa siku tatu. Wasikilizaji wanamkumbusha kwamba hekalu lile lilijengwa kwa miaka 46. Nikodemo anaambiwa habari ya kuzaliwa mara ya pili, anauliza kama mzee anaweza kurudi tumboni mwa mama yake. Katika Mathayo 16 wanafunzi wanaonywa kuhusu chachu ya Mafarisayo, nao wanaanza kunong'onezana kwamba ni kwa sababu hawakuchukua mikate.

Lakini ninayempenda kuliko wote ni yule mwanamke Msamaria kisimani. Anapotajiwa maji yaliyo hai, jibu lake ni la mtu anayejua kazi ya kuteka maji: "Bwana, huna kitu cha kutekea, na kisima ni kirefu." Anapima kwa macho kamba na ndoo. Amekosea, ndiyo, ila amekosea kwa uaminifu, na kosa lake linamfanya aendelee kuuliza. Mazungumzo yanakwenda mbali, kisha mwandishi anaweka sentensi moja ambayo wasomaji wengi huipita: yule mwanamke akauacha mtungi wake, akaenda zake mjini. Hakuna maelezo yoyote. Mtu aliyekuja na mtungi kwa ajili ya maji ameondoka bila mtungi na bila maji. Hapo ndipo unapojua kwamba amelielewa lile neno, wala hakuna aliyekuja kumpa ufafanuzi wa istiari.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa madrasa ambaye siku zote namwita Maalim, aliponisikia nikisimulia hayo alicheka kwa furaha, akaniletea kisa cha upande wake. Ilipoteremka aya ya Sura ya Al-Baqara inayoruhusu kula na kunywa usiku wa Ramadhani mpaka uzi mweupe ubainike na uzi mweusi, Adi bin Hatim, sahaba wa Mtume, alichukua kamba mbili, nyeusi na nyeupe, akaziweka chini ya mto wake, akawa anaziangalia usiku. Hazikutofautiana. Asubuhi akamwendea Mtume, naye akamfahamisha kwamba maana yake ni weusi wa usiku na weupe wa mchana. Katika riwaya mojawapo Mtume alimwambia kwamba basi mto wake ni mpana mno, kama uzi mweupe na uzi mweusi vyote vilikuwa chini yake! Maalim alinitaka nikiangalie kisa hicho vizuri. Adi hakuwa mtu asiyejua lugha. Alikuwa Mwarabu mtoto wa Waarabu, na baba yake, Hatim wa kabila la Tayy, sifa za ukarimu wake zilikuwa zikiimbwa na washairi. Alipotea katika lugha yake mwenyewe, na aliyemsahihisha alimsahihisha kwa fumbo lingine.

Kisa hicho kinaniliwaza. Kinaonyesha pia jambo linalonishangaza kwetu sisi tunaotumia Kiswahili. Mchana kutwa tunaongea kwa mafumbo. Tunasema fulani ana mkono wa birika, na hakuna anayemtazama kiganja. Tunasema mwingine ana mkono mrefu, na tunaficha mali zetu pasipo kumpima kwa futi. Tunapiga moyo konde. Wazee walishatuachia methali, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hung'amua. Halafu mtu huyohuyo, aliyelelewa na methali na mafumbo na vitendawili, akifungua kitabu kitakatifu anageuka ghafla kama aliyejifunza lugha jana kwenye kamusi. Kila neno analitaka lisimame wima kama nguzo.

Najua chanzo chake, wala sikidharau. Ni hofu. Mtu anaogopa kwamba akikubali neno moja kuwa fumbo, kesho atakuja mwingine adai kwamba mbingu ni fumbo, ufufuo ni fumbo, na Mungu mwenyewe ni fumbo, mpaka kisibaki kitu cha kushika. Anahisi kwamba maana ya dhahiri ni ya kweli na maana ya fumbo ni ya kutunga. Ila hebu tulitazame hilo kwa makini. Maana ya dhahiri ya "mkono wa birika" ni ipi? Ni ubahili. Hakuna Mswahili ambaye kwanza huliona birika, akalikataa, ndipo akaenda kuutafuta ubahili mahali pa siri. Ubahili ndio alioutaja msemaji, waziwazi, mchana kweupe. Anayeanza kumchunguza mtu kiganja ndiye aliyeiacha dhahiri. Fumbo likisemwa kama fumbo, maana yake ya wazi ni ile ya fumbo.

Wanazuoni wa Kiislamu walilipangia jambo hili utaratibu tangu zamani. Neno huchukuliwa kwa hakika yake, yaani maana yake ya asili, mpaka ipatikane karina, dalili inayolihamisha kwenda kwenye majazi, yaani maana ya fumbo. Karina inaweza kuwa ndani ya maneno yenyewe, au katika hali ya msemaji, au katika akili ya kawaida tu. Wapo walioupinga mgawanyo huo tangu msingi, na Ibn Taymiyya ni mmoja wao. Marabi wa Talmudi, walimu wa sheria ya Kiyahudi, nao wanayo kanuni kwamba andiko haliachani na maana yake ya wazi. Lakini marabi haohao, walipofika kwenye "jicho kwa jicho", waliamua kwamba linalotakiwa ni fidia ya mali. Hoja zao ni za watu waliokaa na kesi mbele yao. Kipofu akimtoboa mwenzake jicho, utamfanya nini? Na kama jicho la huyu ni kubwa na la yule ni dogo, haki itapimwaje? Hawakuwa wanakimbia andiko. Walikuwa wanauliza litatendekaje kwa haki, na hilo ni swali la mtu anayekusudia kulitii.

Tena kuna mafumbo tusiyoyaona kabisa, kwa kuwa mfasiri alishayafumbua kabla hayajatufikia. Katika Kutoka 34 Mungu anapita mbele ya Musa akijitangaza kuwa "si mwepesi wa hasira". Ni maneno mazuri, ila Kiebrania hakikusema hivyo. Kinasema erekh apayim, kwa tafsiri ya neno kwa neno "mrefu wa pua". Waebrania waliiweka hasira puani: aliyekasirika pua yake iliwaka moto, na mvumilivu pua yake ilikuwa ndefu, hata moto ukachelewa kupanda. Nilipolijua hilo niliirudia sura nzima kwa furaha ya mtoto. Je, mfasiri alikosea? Hata kidogo. Angeandika "Mungu mwenye pua ndefu" tungecheka ibadani. Lakini ona, hata yule anayeapa kwamba yeye husoma andiko kama lilivyo, asiongeze wala asipunguze, ameshikilia mkononi kitabu ambacho mtu mwingine alikaa usiku na mchana akiamua kwa niaba yake lipi ni fumbo na lipi siyo.

Kosa likitokea, hutokea kwa kishindo. Sura hiyohiyo ya 34 inasimulia kwamba Musa aliposhuka mlimani uso wake uling'aa. Kitenzi cha Kiebrania kimetokana na neno lenye maana ya pembe, kama miale inavyochomoza mfano wa pembe. Jerome, alipotafsiri kwa Kilatini, aliandika kwamba uso wa Musa ulikuwa na pembe. Ndiyo maana katika sanaa ya Ulaya kwa karne nyingi Musa ana pembe kichwani, na sanamu maarufu ya Michelangelo, iliyochongwa mwanzoni mwa karne ya 16 na iliyopo hadi leo katika kanisa la San Pietro in Vincoli mjini Roma, inazo pembe mbili za marumaru zikichomoza kwenye nywele. Nuru imekuwa jiwe.

Sasa nije kwenye ngamia, maana hapa ndipo neno "tu" linapofanya kazi yake mbaya zaidi.

Yesu alisema ni rahisi ngamia kupenya tundu ya sindano kuliko tajiri kuingia katika ufalme wa Mungu. Nimesikia mahubiri juu ya aya hiyo mara nyingi, na karibu kila mara mhubiri anafafanua kwamba Yerusalemu palikuwa na lango dogo liitwalo Tundu ya Sindano. Ngamia, anasema, aliweza kupita akishushiwa mizigo na kupiga magoti. Kwa hiyo tajiri naye apunguze mizigo kidogo, apige magoti, atapita. Waumini wanaitikia amina. Mimi mwenyewe nilishalifundisha hilo lango kwa moyo wote, na ninaijutia siku hiyo.

Lango hilo halipo. Hakuna mwandishi wa zama zile anayelitaja, wala wachimbaji wa mambo ya kale hawakulikuta. Ni maelezo yaliyozuka karne nyingi baada ya injili kuandikwa. Wengine walijaribu njia nyingine: wakasema neno la Kigiriki kamelos, ngamia, lilikosewa badala ya kamilos, kamba nene ya meli. Maalim aliniambia kwamba hata katika Kurani, Sura ya Al-A'raf aya ya 40, ambapo wanaokadhibisha hawataingia Peponi mpaka ngamia aingie katika tundu ya sindano, ipo kauli iliyopokewa ya kulisoma neno hilo kwa maana ya kamba nene. Na katika Talmudi anayeshindwa kupita tundu ya sindano ni tembo. Umeona? Mnyama mkubwa kuliko wote anayejulikana mahali pale, na tundu dogo kuliko yote ndani ya nyumba. Ni chuku, na chuku ina nguvu kwa sababu haiwezekani.

Uthibitisho umo ndani ya aya zenyewe. Wanafunzi walishangaa mno, wakauliza ni nani basi awezaye kuokoka. Watu hawashangai hivyo kwa habari ya lango jembamba. Na Yesu hawatulizi kwa kuwaambia wapunguze mizigo. Anawajibu kwamba kwa wanadamu hilo haliwezekani, bali kwa Mungu mambo yote yawezekana. Aliyejenga lango pale amelifuta jibu hilo, maana palipo na lango Mungu hahitajiki. Magoti ya ngamia yanatosha. Kinachoniuma ni kwamba lango lile linaonekana kama usomaji wa uangalifu, lina jiografia na historia ndani yake, na kumbe kazi yake yote ni kumtoa tajiri kwenye kona. Siku nilipolifundisha, walikuwepo watu wenye mali mbele yangu, nami nilitaka waniheshimu. Huo ndio ukweli wa lango langu.

Kwa hiyo tafsiri hupimwa pia kwa swali hili: baada ya kufasiri, neno limekuwa zito zaidi au jepesi zaidi kwangu mimi ninayefasiri? Baba alinivua upanga wa kukatwa mkono akanivika safari ya hatua kumi mbele ya darasa. Mzigo haukupungua, ulihamia mahali pake.

Hakuna aliyelijua hilo kuliko nabii Nathani. Daudi amemchukua Bathsheba, mke wa Uria, na Uria ameuawa vitani kwa amri yake. Nathani anamwendea mfalme na kumsimulia kama anayeleta shauri la kuhukumiwa: tajiri mwenye kondoo na ng'ombe wengi sana, na maskini mwenye mwana-kondoo mmoja wa kike. Mgeni alipomjia tajiri, tajiri akamnyang'anya maskini mwana-kondoo wake akamwandalia mgeni. Daudi anawaka hasira, anaapa kwamba mtu huyo anastahili kufa na atalipa mara nne. Ndipo neno linapoanguka: "Wewe ndiwe mtu huyo."

Kila mtu hukumbuka sentensi hiyo. Mimi nataka turudi nyuma kidogo, kwa mwana-kondoo. Nathani anasema alikula katika chakula cha yule maskini, akanywea kikombe chake, akalala kifuani mwake, akawa kwake kama binti. Kula, kunywa, kulala. Sasa fungua sura iliyotangulia. Daudi alipomrudisha Uria kutoka vitani ili alale nyumbani kwake na mimba ya mkewe ipate kisingizio, Uria alikataa. Sanduku la agano na majeshi vimo vibandani, alisema, nami niende nyumbani kwangu nile, ninywe, nilale na mke wangu? Ni vitenzi vilevile vitatu, kwa mpangilio uleule. Na neno "binti", kwa Kiebrania bat, ndilo linaloanza jina la Bathsheba. Nathani ameyachukua maneno ya marehemu akayaweka kwenye kinywa cha mwana-kondoo, mbele ya mtu aliyemuua. Daudi hakuyatambua. Alikuwa anayasikia kwa mara ya pili, na kwa mara ya pili yalipita.

Fikiria Nathani angeingia na kusema waziwazi: mfalme, umezini na umeua. Mfalme ana majibu kwa hayo, na ana walinzi. Fumbo lilimfikisha Daudi mahali ambapo alikwisha kutoa hukumu kabla hajajua kesi ni ya nani. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mafumbo ni mapambo ya maandiko, kwamba ukishachukua ujumbe unaweza kuyatupa kama maganda, humkumbusha ikulu ya Daudi. Hapo fumbo ndilo lililokuwa ufunguo. Ujumbe mtupu ungekutana na mlango uliofungwa.

Lipo kosa la upande wa pili, nalo siku hizi ndilo linalovuma. Ni la wale wanaoona fumbo kila mahali na kuligeuza kuwa hesabu. Augustino, mwalimu wa Kanisa la kale, ambaye nampenda na ambaye ametufundisha mengi, aliufasiri mfano wa Msamaria Mwema hivi: aliyeshambuliwa ni Adamu, Yerusalemu ni mji wa mbinguni, wanyang'anyi ni ibilisi na malaika zake, nyumba ya wageni ni Kanisa, mwenye nyumba ni mtume Paulo, na dinari mbili ni amri mbili za upendo. Ni usomaji wa mtu mwenye akili nyingi na sala nyingi. Lakini mwisho wake najiuliza, yule mtu aliyelala njiani nusu mfu yuko wapi? Ametoweka chini ya maana zake. Mwanasheria aliuliza jirani yangu ni nani, akajibiwa, "Enenda zako, nawe ukafanye vivyo hivyo." Ukishamfanya mwenye nyumba kuwa Paulo, hakuna tena wa kumwendea. Mwaka 1888 Adolf Jülicher, msomi wa Ujerumani, alipinga usomaji wa namna hiyo kwa nguvu akisema kila mfano una jambo moja tu. Naye alivuta kamba kupita kiasi, maana mfano wa mpanzi katika injili unafafanuliwa kipande kwa kipande: ndege, miamba, miiba.

Kitabu cha Ufunuo ndicho kinachoumizwa zaidi. Chenyewe kinatoa funguo zake: nyota saba ni malaika wa makanisa saba, vinara saba ni makanisa saba, vichwa saba ni milima saba. Hesabu ya 666 inaitwa waziwazi hesabu ya jina, katika zama ambazo herufi zilitumika kama tarakimu. Jina la Kaisari Nero kwa herufi za Kiebrania linatoa 666, na neno Neron likiandikwa bila n yake ya mwisho jina hilo linatoa 616, namba inayopatikana kweli katika baadhi ya nakala za kale. Hata hivyo watu wanaitafuta alama ya mnyama kwenye kadi, kwenye chanjo, kwenye simu. Mimi huwaomba jambo moja: baada ya 13:18, msisimame. Sura ziliwekwa karne ya 13. Mwandishi hakukata hapo. Endeleeni mstari mmoja tu. Mwana-kondoo amesimama juu ya mlima Sayuni, na pamoja naye watu 144,000 wenye jina lake na jina la Baba yake limeandikwa katika vipaji vya nyuso zao. Sijawahi kukutana na mtu anayeitafuta alama hiyo kwa mashine. Hiyo tunaielewa mara moja: ni swali la wewe ni wa nani. Kwa nini basi alama ya mstari wa nyuma yake iwe ya chuma?

Walioteseka kwa hesabu kama hizi walikuwa watu halisi. William Miller, mkulima na mhubiri wa Marekani, alizigeuza siku 2,300 za Danieli 8:14 kuwa miaka, akaanza kuhesabu mwaka 457 kabla ya Kristo, na harakati yake hatimaye ikaishia kwenye tarehe moja: 22 Oktoba 1844. Maelfu walimngoja Kristo siku hiyo. Wapo waliokuwa wameacha mavuno shambani. Siwezi kuwacheka. Walimpenda yule waliyekuwa wakimngoja, na kulipokucha tarehe 23 walilia. Ninachojifunza kwao ni kwamba mtu anaweza kulichukua neno "siku" kama fumbo na papo hapo akaiabudu kalenda.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo nimejifunza kupunguza sauti. Ni pale maandiko yanapomtaja Mungu mwenyewe: mkono wake, macho yake, kukaa kwake juu ya kiti cha enzi. Nilikuwa mwepesi wa kusema mkono ni uwezo, macho ni elimu, kwisha. Maalim ndiye aliyenituliza, kwa maneno yanayopokewa kutoka kwa Imamu Malik bin Anas wa Madina, aliyefariki mwaka 795. Mtu alimuuliza Mwenyezi Mungu amestawi vipi juu ya Arshi, kiti chake cha enzi. Malik aliinamisha kichwa, jasho likamtoka, kisha akajibu kwamba kustawi kunajulikana, namna yake haijulikani, kuamini hilo ni wajibu, na kuuliza namna yake ni bidaa, yaani uzushi katika dini. Mimi si wa madhehebu yake na sifuati kila anachofuata. Lakini lile jasho limenikaa moyoni. Mara ngapi nimelifasiri jina la Mungu bila hata kutokwa jasho? Huyu aliona kwamba maneno mengine hatuyafumbui kwa sababu aliye ndani yake ndiye asiyefumbuka. Zaburi ya 91 inasema kwa manyoya yake atakufunika, na chini ya mbawa zake utapata kimbilio. Hakuna anayeamini kwamba Mungu ana manyoya. Ila nimekaa kando ya kitanda cha mgonjwa nikaisoma aya hiyo, na nisingethubutu kusema mbawa ni "ulinzi". Neno ulinzi halina joto.

Hivi karibuni tulikuwa tumekaa wanne, Maalim akiwemo, tukimzungumza mwenzetu ambaye hakuwepo. Tulianza kwa huruma, kama inavyoanza siku zote, tukafika kwenye ndoa yake, kisha kwenye madeni yake. Mimi ndiye niliyekuwa na habari za madeni. Nikiwa katikati ya sentensi, Maalim akainuka taratibu, akavuta kiti chake nyuma. "Jamani, nyama hiyo mimi siili."

Mmoja wetu akatazama mezani. Hapakuwa na kitu. Mimi niliijua aya, Sura ya Al-Hujurat, inayouliza kama kuna yeyote apendaye kuila nyama ya nduguye aliyekufa. Niliwahi hata kuifundisha kama mfano mzuri wa taswira. Sasa nilikuwa nayo mdomoni, sijui niitafune au niiteme.

Hatukusema neno. Haikupita nusu saa, yule mwenzetu akaingia mwenyewe, anatabasamu, akazunguka meza akitupa mikono mmoja mmoja. Alipofika kwangu nikampa mkono wangu wa kulia.